Kakamega: mji wa dhahabu uliolishwa na shamba

Anayefika Kakamega akitafuta mji wa dhahabu kama wa sinema, wenye baa za mbao na maduka ya wachimbaji yaliyohifadhiwa kwa ajili ya watalii, atarudi mikono mitupu. Atakuta mji wa kawaida wa magharibi mwa Kenya: bodaboda zimepanga foleni kwenye makutano, matatu za Kisumu na Webuye zinaita abiria, soko limejaa ndizi na kuku hai waliofungwa miguu. Hata hivyo, ni hapa ambapo kuanzia mwaka 1931 walimiminika mamia ya Wazungu wenye makarai na sururu, katika kinyang'anyiro cha dhahabu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutokea Kenya.

Ili kuielewa historia hiyo, ni vyema kuanzia mezani. Ingia hoteli yoyote ndogo karibu na soko saa saba mchana, uulize: "Mama, leo kuna nini?" Jibu halibadiliki sana: kuku wa kienyeji yupo, mrenda upo, ugali wa mtama upo. Kuku wa Waluhya, ingokho, hapikwi kwa haraka. Akishanyonyolewa hubabuliwa juu ya moto hadi ngozi ishike rangi na harufu ya moshi, ndipo akatwe na kuchemshwa polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Firigisi haitolewi ovyo. Nyumbani ni ya baba mwenye mji au ya mgeni wa heshima, na mkwe akiikosa kwenye sahani yake kunaweza kuitishwa kikao.

Mboga nazo zina ufundi wake. Mrenda huchanganywa na majani ya kunde na kulainishwa kwa munyu, yaani maji ya majivu. Mabua ya maharagwe yaliyokauka huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu madogo chini, kisha maji yakamiminwa juu yake. Yanayodondoka upande wa pili ni ya rangi ya chai nyepesi, na vijiko vichache tu vinatosha sufuria nzima. Ugali wa mtama au wimbi huja ukiwa mweusi na mgumu, umefinyangwa kama kichuguu. Chakula chote hicho kimetoka kwenye udongo wa juu, ule wa shambani. Na ni udongo huohuo ambao sheria ya dhahabu iliuona kuwa kizuizi tu.

Mwanzo wa kisa ni njaa ya fedha. Walowezi wa Uasin Gishu walikuwa taabani. Nzige walikuwa wamevamia mashamba tangu 1928, kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukaangusha bei ya mahindi na kahawa. Mkulima mmoja Mmarekani wa upande wa Turbo, L. A. Johnson, akaenda na wenzake kutafuta madini kusini mwa Kakamega, katika bonde la mto Yala. Mwaka 1931 wakapata dhahabu, na chama chao kikajulikana kama Eldoret Mining Syndicate. Septemba mwaka huohuo Uingereza iliachana na utaratibu wa kufunga sarafu yake kwa dhahabu, bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Waliokuwa wamefilisika wakaacha majembe, wakapanga mahema kando ya mito. Mwaka 1932 serikali ikamleta mwanajiolojia Sir Albert Kitson kupima ukubwa wa utajiri huo.

Tatizo ni kwamba mahali pale palikuwa na wenyewe. Kakamega ilikuwa makao ya wilaya ya North Kavirondo tangu 1920, yalipohamishwa kutoka Mumias, kituo cha zamani cha misafara ya pwani. Ardhi ya Waisukha, Waidakho na majirani zao ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa Waafrika, tena miongoni mwa maeneo yenye watu wengi zaidi nchini. Mwaka 1930 ilipitishwa Native Lands Trust Ordinance, sheria iliyoahidi kwamba ardhi hizo zingekuwa za wenyeji milele. Kipande kikichukuliwa kwa sababu yoyote ya umma, sharti kingine cha thamani ileile kitolewe badala yake, na baraza la wenyeji liulizwe kwanza.

Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932, chini ya Gavana Sir Joseph Byrne, sheria ilirekebishwa ili ardhi ya madini iweze kutolewa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine, na bila ulazima wa kuliuliza baraza. Mwenye shamba angelipwa fedha: kwa nyumba yake, kwa mazao yake, kwa usumbufu. Udongo wenyewe haukuwa na mbadala.

Kelele zilisikika hadi London. Lord Lugard, ambaye hakuna aliyeweza kumwita adui wa ukoloni, alikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba serikali imevunja neno lake. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliutetea uamuzi huo. Huku Nyanza, Arkidikoni Walter Owen wa Kanisa la Anglikana, aliyekwisha kuzoeleka kwa barua zake kali magazetini, aliandika kuwatetea wenyeji. Na hayo yote yalitokea wakati Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter ikizunguka nchini kukusanya malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi zao. Mzee aliyesimama mbele ya tume kueleza hofu ya kunyang'anywa hakuhitaji mfano wa mbali.

Sasa turudi kwenye chakula, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vya dhahabu hupita haraka. Maelfu ya vibarua walioajiriwa kuchimba, kubeba na kuosha mchanga walikula nini? Walikula posho, yaani unga wa mahindi, na unga huo ulitoka mashambani palepale. Mahindi, ndizi, mayai na kuku wa Kakamega vilipata soko lililokuwa mlangoni. Vinu vya kusaga vinavyozungushwa na maji, ufundi ulioanza kuenea kutoka misheni ya Waquaker iliyofunguliwa Kaimosi mwaka 1902, vilimilikiwa na Waafrika wenyewe na kusaga kwa ajili ya migodi. Mwanamke aliyeuza kapu la mahindi hakuhitaji leseni ya kutafuta madini wala bahati ya kukuta mkanda wa mwamba wenye dhahabu. Migodi ilipoajiri zaidi, yeye aliuza zaidi. Mkulima alifaidika, hilo halina ubishi, lakini alifaidika kwa kuwa bado alikuwa na shamba. Jirani yake aliyelipwa fedha za nyumba na mazao akahama hakuwa na cha kupeleka sokoni msimu uliofuata.

Dhahabu ya mtoni, ile inayookotwa kwa karai, haikuchukua miaka mingi kupungua. Wachimbaji wadogo wa Kizungu wakatawanyika, makampuni yenye mitambo ya kuponda mawe yakabaki. Kubwa lao lilikuwa Rosterman, kilomita chache kutoka katikati ya mji, lililoendelea hadi 1952. Kampuni ilipofunga, wenyeji waliingia kwenye mashimo yake na hawajatoka mpaka leo. Mgeni anayekwenda Rosterman, au upande wa Ikolomani, atawaona wanaume wakiteremka kwa kamba na wanawake wakiponda mawe kwa nyundo. Unga wa mawe huoshwa kwenye ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa. Kinachonasa huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha zebaki ikachomwa hadi ipae, ibaki punje ya njano. Moshi wake ni sumu, na mara nyingi moto huo huwashwa karibu na mahali watoto wanapocheza. Ukienda, nenda na mwenyeji na usikaribie kingo za mashimo. Yameshaua wengi.

Alama nyingine ya enzi zile imejificha ndani ya msitu wa Kakamega. Miti yake ilikatwa kushikilia kuta na dari za mashimo ya migodi, na kwenye kilima cha Lirhanda, ambapo watalii hupanda alfajiri kutazama jua likichomoza, kuna handaki la wachimbaji ambalo sasa wanalimiliki popo. Ukishuka kilimani, utawasikia mbega kabla hujawaona. Kwenye barabara ya Kisumu, pale Ilesi, kuna mwamba wa kama mita 40 uliobeba jiwe kubwa kichwani, nao hutiririsha maji kama unaolia. Na ukibahatika kuwa Khayega au Malinya siku ya kupiganisha mafahali, utasikia ngoma za isukuti kabla ya kumwona fahali mwenyewe. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kisa hiki hakijafungwa. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold, inayochimba New Luika kusini magharibi mwa Tanzania, ilinunua mradi wa utafutaji dhahabu wa magharibi mwa Kenya, na tangu hapo vijiji vya Isulu na Bushiangala vimekuwa vikijadili kuhamishwa na fidia. Sheria ya sasa ina sura tofauti na ile ya 1932. Katiba ya 2010 inaweka madini chini ya serikali kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi mahali pa uchimbaji.

Hayo ni maendeleo, lakini swali la mezani limebaki lilelile. Mthamini anayekuja na daftari leo huhesabu nyumba, migomba na miti ya matunda, na siku hizi hata bei ya ekari. Hajui kuhesabu misimu. Rosterman ilidumu miaka isiyofika 20 mikononi mwa kampuni, wakati shamba la mtama lililokuwa jirani yake limelisha vizazi kabla ya Johnson na baada yake. Anayetaka kujua fidia ya haki Kakamega ni kiasi gani aanze kwa kukokotoa ni milo mingapi imetoka kwenye ekari moja tangu 1931, kisha aulize ni mingapi bado ingetoka.