Safari Rally: Magari yalivyojengwa, na somo ambalo vijana wetu hawajalisoma

SIKUKUU ya Idd iliyopita tulimzika kijana wa mtaani kwetu. Gari lake lilikatwa springi ili liiname, likafungwa bomba la moshi lenye mlio wa bunduki, na ubavuni likabandikwa stika za Safari Rally. Alikuwa akishindana na wenzake usiku kwenye barabara kuu, na hakufunga mkanda. Matangani nilimsikia rafiki yake akisema marehemu aliipenda rally tangu utotoni, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mimi pia naipenda tangu utotoni. Ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu gari lile halikuwa na chochote cha rally isipokuwa zile stika.

Mwanzo wake

Mbio hizi zilianza mwaka wa 1953, kati ya Mei 27 na Juni 1, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa makundi kulingana na bei yake. Mwaka wa 1960 zikaitwa East African Safari Rally, na kuanzia 1974 zikabaki Safari Rally. Ubingwa wa dunia wa rally ulipoanzishwa mwaka wa 1973, Safari ilikuwamo.

Zilifanyika wakati wa Pasaka, kunakoanzia masika, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Barabara iliyokuwa vumbi asubuhi iligeuka tope jioni. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vile vile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Miaka ya sabini na themanini msafara uliteremka hadi Pwani. Nakumbuka baba alituamsha kabla ya alfajiri tukasimame kando ya barabara. Kwanza tuliona taa kwa mbali, kisha tukasikia mngurumo, kisha vumbi likatufunika. Baba alituweka mbali kabisa na barabara, nyuma ya mnazi. Siku ile nilimlaumu.

Mafundi waliokuwa madereva

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika mashindanoni na wengine. Gari kuukuu liliwashinda wenye magari mapya. Siri yake ni kwamba Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alikulia kwenye gereji ya babake, akajua kila nati kazi yake. Ushindi wa 1974 na 1976 aliupata na Mitsubishi Lancer.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Hadi leo hakuna aliyemfikia. Mtu hashindi mara nne mfululizo kwenye barabara kama zile kwa kukanyaga mafuta tu. Lazima ajue pa kulihurumia gari.

Wageni walisubiri sana. Hannu Mikkola wa Finland ndiye dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, mwaka wa 1972, na Ford Escort.

Gari lenyewe

Ulaya, gari la rally lilijengwa jepesi ili likimbie. Lililokuja Safari lilijengwa upya ili lifike. Bodi iliongezwa vyuma na kuchomelewa upya kwenye maungio. Chini ya injini na tangi la mafuta ilifungwa sahani nene ya chuma dhidi ya mawe. Springi na shokomzoba zilikuwa ndefu na imara, gari likainuliwa juu. Hebu linganisha na vijana wetu wanaokata springi. Springi iliyokatwa haina nafasi ya kujikunja, hivyo tairi likigonga shimo linaruka na kuachana na lami. Tairi lisilogusa lami halisikii breki wala usukani.

Mbele ya gari vilifungwa vyuma vya kukinga injini endapo mnyama angekatiza. Pembeni ya kioo kulipanda bomba la hewa hadi karibu na paa, ili injini isivute maji gari linapovuka mto. Injini ikivuta maji, pistoni hushindwa kuyagandamiza, na vyuma vya ndani huvunjika papo hapo.

Hata teknolojia mpya ilibidi ipige foleni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini magari ya kuendeshwa na magurudumu yote manne yalitawala rally za Ulaya. Lakini hapa Toyota Celica ya turbo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ilishinda 1984, 1985 na 1986. Gari la magurudumu manne lilishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka wa 1987, nalo ni Audi 200 ya Mikkola. Celica ilikuwa gari rahisi zaidi, na kisichokuwapo hakiharibiki.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Toyota imeshinda kila mwaka tangu hapo hadi 2025: Ogier mara mbili, Rovanperä mara mbili, kisha Evans. Injini za magari hayo ni za lita 1.6 zenye turbo. Probox nyingi tunazopanda kwenda Malindi zina lita 1.5. Ukubwa wa injini unakaribiana, lakini gari la rally limejengwa kuzunguka kizimba cha mabomba ya chuma. Likibingirika, paa haliwaangukii waliomo. Wawili hao wamefungwa mikanda inayoshika mabega, kiuno na mapaja, na wamevaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto haraka.

Tena hawaendi kwa kubahatisha. Kabla ya mashindano hupita njia ile mara mbili kwa mwendo wa kawaida, mwelekezi akiandika kila kona daftarini. Siku ya mbio humsomea dereva kinachokuja kabla hakijaonekana.

Jibu kwa wanaobisha

Kijana mmoja aliniambia, "Lakini mzee, hao wa zamani walikimbia barabara zisizofungwa." Kweli, matatu na ng'ombe walikuwamo humo humo. Ndiyo sababu timu kubwa zilikodi helikopta kutangulia mbele na kumwonya dereva kwa redio. Mwisho dunia yenyewe ilikubali kwamba mtindo ule haufai. Leo njia za mashindano hufungwa, na watazamaji wakisogea vibaya, mbio husimamishwa. Wenye ujuzi kuliko sisi sote wameona barabara ya watu si uwanja.

Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu. Kizimba, mikanda, kofia na daftari la mwelekezi ndiyo kamba ya ngamia wa dereva wa rally.

Sisemi vijana waache kupenda magari. Joginder alitoka gereji, na gereji zetu za Mombasa, Kilifi na Kwale zimejaa mikono yenye kipaji kama chake. Serikali za kaunti zetu zitenge kiwanja kilichofungwa, chenye ambulensi na wasimamizi, vijana wapimane huko. Na sisi wazazi tuache kununua gari la Idd bila kuuliza litapelekwa wapi usiku.

Baba alinisimamisha nyuma ya mnazi nikamlaumu. Sasa nina wanangu, na bado natafuta mnazi wa kuwasimamisha nyuma yake.