Majani ya chai yako rafu ya juu

Jumamosi iliyopita nilikwenda supamaketi na rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye Mlimani. Yeye anatumia kitimwendo. Tulipofika mlangoni akaniambia, "We kaa hapo nje, usinifuate." Nikakaa. Nilisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Baada ya dakika kama arobaini hivi akatoka na mfuko mapajani: mchele, sabuni, mafuta ya kupikia. Majani ya chai hamna.

"Yako rafu ya juu," akasema.

Nikamuuliza, si ungemwomba mtu akushushie? Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwishaulizwa swali hilo mara nyingi: "Nikiomba, napewa. Sichagui."

Neno hilo halikunitoka kichwani wiki nzima. Nikaanza kuchimba: ni nani aliyeamua kwamba mteja ajichukulie vitu mwenyewe kwenye rafu? Maana haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani duka la vyakula la Marekani lilifanana sana na duka la Mangi la mtaani kwetu. Mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na karani akamfuatia. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, jamaa aitwaye Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly (jina la ajabu, najua). Aliondoa kaunta. Mteja alipita kwenye kigeti, akachukua kikapu, akafuata njia iliyozunguka rafu zote, akajichukulia vitu, akalipa mwishoni. Gharama ya makarani ikashuka. Saunders akapewa hataza ya mpangilio huo mwaka 1917.

Hebu fikiria maana yake. Mbele ya kaunta, mtu mwenye miguu na asiye na miguu walikuwa sawa, alimradi wote wameweza kuingia: hakuna aliyegusa kitu mpaka akabidhiwe. Kaunta ilipoondoka, kazi ya karani ilihamia kwenye mwili wa mteja. Na mteja aliyekuwa akilini mwa wenye maduka ni yule anayesimama na kunyoosha mkono.

Halafu kuna hili ambalo lilinifanya nicheke peke yangu ofisini. Mwaka 1937, mjini Oklahoma City, mwenye maduka aitwaye Sylvan Goldman alibuni toroli la kununulia vitu. Wazo alilipata kwenye kiti cha kukunja: akakifunga magurudumu, akaweka vikapu. Wateja walilikataa mwanzoni. Vijana wa kiume waliona wataonekana dhaifu, kina dada wakaona ni kama kusukuma kigari cha mtoto. Goldman mwenyewe alisimulia kwamba ilibidi aajiri watu wa kujifanya wateja, wazunguke dukani wakisukuma. Na katika miaka hiyohiyo ya 1930, kule Los Angeles, Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyepooza baada ya ajali mgodini, na rafiki yake Harry Jennings, walitengeneza kiti cha magurudumu cha chuma kinachokunjika na kuingia ndani ya gari.

Chuma, magurudumu, kukunja. Vyombo viwili karibu ndugu, vya muongo mmoja. Ila kimoja kilitengenezewa duka, na duka likapangwa kukifuata. Kile kingine hata kufika mlangoni kilikuwa na shida, kwa sababu ya ukingo wa barabara. Sentimita kumi na tano za zege, basi, safari imeishia hapo.

Ukingo huo haukuondoka kwa huruma. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio tangu utoto, aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Alilala katika hospitali ya chuo, kwa kuwa mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua usiku haikufaa kuwekwa bwenini. Wengine wakamfuata, wakajiita Rolling Quads, wakaubana uongozi wa mji hadi mwaka 1971 ukakubali kuweka miteremko kwenye kona za mitaa ya biashara. Mwaka 1972 wakafungua kituo chao cha kujitegemea. Aprili 1977 watu zaidi ya mia, akiwemo Judith Heumann, waliingia jengo la serikali San Francisco na kukaa humo karibu wiki nne, mpaka kanuni walizodai zikatiwa saini. Lakini kanuni hizo zilihusu wanaopokea fedha za serikali kuu. Duka la mtu binafsi lilibaki nje.

Duka likaingia mwaka 1990. Sheria aliyoitia saini Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai mwaka huo inalitaja duka la vyakula kwa jina. Viwango vyake vinadai njia kati ya rafu iwe na upana wa inchi 36, yaani kama sentimita 91.

Hapa ndipo nilipokwama. Viwango hivyohivyo vinasema rafu za kujihudumia lazima ziwe kwenye njia inayopitika, ila masharti ya umbali ambao mkono unafika hayazihusu. Umesoma vizuri. Sheria inakufikisha mbele ya majani ya chai, haikufikishi kwenye majani ya chai. Njia moja inayotajwa ya kufidia ni mfanyakazi kukushushia. Yaani karani wa kabla ya 1916 amerudi, safari hii kwa mteja mmoja tu.

Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo inazungumzia haki ya kuyafikia majengo ya umma. Mlango wa ile supamaketi ulikuwa na mteremko mzuri tu, sina ugomvi nao.

Tukiwa njiani kurudi tulipita dukani kwa Mangi. Kaunta, nondo, kijidirisha. Rafiki yangu akasogea, akanyoosha kidole. Mangi akashika pakiti. "Siyo hiyo, ile ya pembeni." Akashika nyingine. "Eeh, hiyohiyo." Nami nikanyoosha kidole changu, nikitaka kiberiti, na Mangi akanipa kisicho chenyewe.