Mahame ya Babu

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwetu, mkoani Dodoma, kuomba ruhusa ya kujenga vyumba viwili. Sikutaka kwenye kiwanja cha familia. Nilitaka kule porini, kwenye mahame ya babu, ambako kuta za tembe lake zimebaki kifusi chini ya mbuyu.

Babu alihamishwa pale mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma. Sisi tulitangulia, maana ni Novemba 1973 ndipo Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Nyumba zikapangwa kwa mistari kama darasani. Babu akaonyeshwa kiwanja chake, basi.

Ofisini, mzee mmoja wa halmashauri ya kijiji alinisikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu, pale pana mtu analima. Tangu lini ni pako?"

Nikataja makaburi yetu. Nikataja na Lohay Akonaay, mkulima aliyenyang'anywa ardhi wakati wa Operesheni Vijiji, akaenda mahakamani kuidai. Serikali ikatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta madai kama yake, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Nilijiona wakili kabisa.

Usiku nikafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, uwe ulifuata sheria au uliivunja. Nikarudia kusoma. Eti hata uliivunja! Nikamsomea bibi kwa hasira.

Bibi akacheka. "Na hapa tulipokaa unadhani palikuwa pa nani?" Palikuwa shamba la mtama la baba yake yule mzee wa ofisini. Babu alijenga mtama ukiwa bado haujavunwa. Kwa miaka hamsini wamesalimiana kila asubuhi, na kifungu kilichonikasirisha ndicho kinachomlinda bibi asiambiwe ahame.

Kesho yake nikapeleka barua nyingine: vyumba viwili, nyuma ya nyumba ya bibi. Mzee akaisoma taratibu, akavua miwani.

"Mtaacha njia ya ng'ombe?"

Nikamwambia tutaacha.