Joto Halifi, Huhama: Historia Fupi ya Kupasha na Kupoza Nyumba

Tangu azali binadamu amehangaika na mambo mawili nyumbani mwake: baridi ya usiku na joto la mchana. Sisi tukaao katika nyanda za juu za Maziwa Makuu huota moto jioni, hali ndugu zetu wa pwani hutoka barazani kuutafuta upepo. Lugha yetu imeyashuhudia mahangaiko hayo, na ndiyo maana ina hazina ya maneno kama hari, fukuto, vuguvugu, kipupwe na mzizimo. Walakini juu ya mitambo iliyobuniwa ili kuyatawala mambo hayo, wanafunzi wetu husikia machache, na mara nyingi huyasikia katika lugha nyingine.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji historia ya mitambo hiyo kwa ufupi. Tungependa washike jambo moja tangu mwanzo. Twasema kwamba kiyoyozi “huleta baridi”, lakini usemi huo si sahihi. Hakuna chombo kitengenezacho baridi. Kilichopo ni joto, nalo halifi bali huhama. Mtambo hulitoa hapa na kulitua pale. Basi katika kila uvumbuzi tutakaoutaja, hapana budi tuulize: joto limepelekwa wapi, na ni nani aliyetwishwa mzigo wake?

Zamani nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa mtambo. Warumi wa kale waliinua sakafu za mabafu yao, na za baadhi ya nyumba za matajiri, juu ya viguzo vifupi vya matofali. Moto uliwashwa kando, na hewa yake ikapita chini ya sakafu na kupanda ndani ya kuta. Wakorea nao walitumia moshi wa jikoni: ulipitishwa katika mifereji chini ya sakafu kabla ya kutoka nje, hata kuni zilezile zikapika chakula na kupasha chumba cha kulala. Utaratibu huo huitwa ondol.

Katika nchi za joto, kazi ilikuwa kuukaribisha upepo na kulizuia jua. Watu wa Yazd, nchini Iran, walijenga minara ya kudaka upepo juu ya mapaa na kuuteremsha vyumbani. Wafanyabiashara waliohamia Dubai kutoka Uajemi mwishoni mwa karne ya 19 walikwenda na ujuzi huo, na minara yao ingali ikionekana huko. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, ua wa ndani na vichochoro vyembamba vilifanya kazi hiyohiyo. Jua lilichelewa kupenya ukutani, na vichochoro vilikaa kivulini sehemu kubwa ya siku.

Na tusiusahau mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole katika ngozi yake, yakatokeza nje kama jasho, kisha yakawa mvuke. Mvuke ule huchukua joto la mtungi na kwenda nalo, na maji yaliyobaki yakapoa. Mwalimu akiufahamu mtungi, amekwisha kuufahamu msingi wa kiyoyozi.

Msingi huo ulipimwa kwa makini katika karne ya 18. Mwaka 1758, mjini Cambridge, Uingereza, Benjamin Franklin na John Hadley walikilowesha kipimajoto kwa etha, kiowevu kigeukacho mvuke upesi, huku wakikipulizia hewa. Ingawa siku ilikuwa ya joto, kipimajoto kiliteremka hadi chini kabisa ya kiwango cha kuganda maji. Franklin alishangaa, akaandika kwamba kwa njia hiyo mtu angeweza kugandishwa hadi kufa hata katika siku ya joto.

Lakini kabla ya ujuzi huo kuwa mtambo, baridi ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Mwaka 1806 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique, na mwaka 1833 akaifikisha Calcutta, India. Barafu hiyo ilikatwa kwenye maziwa yaliyoganda wakati wa kipupwe cha Marekani, ikafunikwa kwa unga wa mbao, ikavuka bahari kwa miezi kadhaa. Waliokuwa na fedha waliinunua; wengine wakaendelea kupepea kwa mikono.

Aliyejaribu kuiondoa baridi mikononi mwa wenye meli alikuwa daktari mmoja, John Gorrie, wa mji wa Apalachicola katika jimbo la Florida. Katika miaka ya 1840 alikuwa akiwauguza watu wa homa, akatundika mabeseni ya barafu darini ili hewa iliyopoa iwateremkie vitandani. Yeye, kama madaktari wengi wa zama zake, aliamini kwamba malaria hutokana na hewa mbaya. Imani hiyo haikuwa ya kweli: mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi nchini India, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Hata hivyo nia ya Gorrie ya kuwapoza wagonjwa ilimfikisha mbali. Kwa kuwa barafu ya kutoka kaskazini ilikuwa adimu na ghali, alibuni mtambo wa kugandamiza hewa na kuiachia itanuke, nao ukatengeneza barafu. Hataza yake aliipata mwaka 1851, lakini mtaji hakuupata. Alikejeliwa, akafa maskini mwaka 1855. Baadaye jimbo la Florida liliweka sanamu yake katika jengo la Bunge la Marekani, mwaka 1914. Heshima ilimfikia akiwa kaburini.

Mtambo ulioenea baadaye ulifuata njia nyingine, iliyopewa hataza mjini London na Jacob Perkins mwaka 1834. Ndani yake gesi maalumu huzunguka katika mabomba bila kutoka. Kompresa huigandamiza gesi ile ikawa na moto mkali. Kisha hupita katika mabomba ya nje, ikatua joto lake na kuwa kiowevu. Kiowevu hicho hupenyezwa katika tundu jembamba na kuingia mabomba ya ndani, ambamo hugeuka mvuke tena, na kwa kufanya hivyo hulibeba joto la chumba. Ni mtungi uleule wa bibi zetu, ila jasho lake halipotei: hukusanywa, likarudishwa kazini.

Ajabu ni kwamba kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya raha ya mtu, bali kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902, katika mtaa wa Brooklyn mjini New York, kiwanda kimoja cha uchapaji kilikuwa na shida. Karatasi ilifyonza unyevu wa hewa na kutanuka, hata rangi iliyopigwa leo haikulingana na ile iliyopigwa jana. Mhandisi kijana, Willis Carrier, alipewa kazi ya kuudhibiti unyevu huo, akaipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi hata maji yake yakatonea. Sisi tunaoishi kwa vitabu na majarida hatuna budi kutabasamu tukikumbuka kwamba chombo hiki kilizaliwa katika nyumba ya wapiga chapa. Kutoka hapo kiliingia katika viwanda vya nguo, na mwaka 1925 Carrier akakifunga katika jumba la sinema la Rivoli, New York. Watu walifurika kutazama picha, na pia kuponea joto la kiangazi.

Lakini wahenga walisema hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Gesi zilizotumiwa katika mitambo ya kwanza, kama amonia na kloridi ya methili, zilikuwa na sumu. Bomba likivuja usiku, aliyelala aliweza asiamke. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani walibuni gesi mpya za jamii ya klorofluorokaboni, zilizouzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo kifuani, akaipuliza juu ya mshumaa, nao ukazimika. Alikuwa amethibitisha mambo mawili kwa pumzi moja: gesi yake haidhuru mtu, wala haiwaki. Friji na viyoyozi vikaweza kuingia majumbani bila hofu.

Mzigo uliotolewa chumbani ulitua wapi? Ulitua angani. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizi, kwa kuwa hazivunjiki upesi, hupanda juu sana, na huko huharibu ozoni, ile ngao itukingayo na mionzi mikali ya jua. Wengi walipinga. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua mno kila majira ya kuchipua ya huko. Tarehe 16 Septemba 1987 Mkataba wa Montreal ulitiwa saini, na baadaye nchi zote za Umoja wa Mataifa zikaukubali. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Gesi zilizoshika nafasi, hidrofluorokaboni, haziidhuru ozoni. Lakini nazo zina ila yake: zikivuja huzuia joto la dunia lisitoke, na nyingi hufanya hivyo zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Basi chombo cha kupoza chumba kikawa kinaipasha dunia. Hapo ndipo jina la mji wa eneo letu lilipoingia katika historia hii. Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo yaliyokesha, wajumbe wa mataifa waliokutana Kigali, Rwanda, walikubaliana kuzipunguza gesi hizo kwa zaidi ya asilimia 80 katika muda wa miaka 30 hivi. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza mapema. Nchi nyingi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2024 kusimamisha ongezeko la matumizi yao, na chache, zikiwamo India na Oman, hadi mwaka 2028. Marekebisho hayo ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Tumeeleza habari za kupoza. Sasa tuseme juu ya kupasha, maana ni mtambo mmoja uliogeuzwa uso. Mwaka 1852 William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alieleza kwamba mtambo uhamishao joto ungeweza kulichukua nje na kuliingiza ndani. Mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zurich, Uswisi, lilipashwa kwa njia hiyo, joto likichotwa katika maji ya mto Limmat. Kwa kipimo kimoja cha umeme, pampu ya joto nzuri huingiza ndani vipimo vitatu au vinne vya joto, kwa sababu haiumbi joto, hulisomba tu. Huku kwetu milimani wengi bado huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Hatuna budi kuwaonya wanafunzi wetu daima: makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua waliolala. Ni hatari ileile ya mitambo ya zamani, ila hii tunaiwasha kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa baridi ni ya nani? Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba viyoyozi pamoja na feni vilikula kadiri ya sehemu moja katika kumi ya umeme wote. Marekani na Japani, zaidi ya nyumba 90 katika 100 zilikuwa na kiyoyozi. Lakini miongoni mwa watu bilioni 2.8 waishio katika sehemu zenye joto kali zaidi, waliokuwa nacho hawakufikia mmoja katika kumi. Naye apitaye njiani chini ya ukuta wenye mitambo hupuliziwa usoni joto lililotolewa chumbani kwa mwenzake. Hamna mfano ulio wazi kuliko huo wa mzigo kuhamishwa.

Hatusemi kwamba kiyoyozi ni kibaya. Hospitali, ghala la dawa na mgonjwa wa joto huvihitaji, na Gorrie alikuwa na haki ya kuota ndoto yake. Tunalosema ni hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Miji yetu inajaza majengo ya vioo yasiyoweza kukalika bila mtambo, na madarasa yenye mabati matupu bila dari. Mjini Harare, mwaka 1996, jengo la Eastgate lililosanifiwa na Mick Pearce, Mzimbabwe, lilifunguliwa bila kiyoyozi cha kawaida. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha ndani ya sakafu za zege. Mchana zege hiyo hukipoza chumba, na hewa iliyopata joto hutoka kwa mabomba ya moshi juu ya paa. Msanifu huyo alipata fikra kwa kukitazama kichuguu cha mchwa.

Kwetu sisi walimu kazi iliyobaki ni ya lugha. Wanafunzi na wajifunze kusema kiyoyozi, jokofu, kompresa na pampu ya joto bila kusitasita, na wajue pia maana ya ua, kichochoro na mtungi. Wakiulizwa kiyoyozi hufanya nini, wasijibu kwamba huleta baridi. Wajibu kwamba huhamisha joto, kisha waulize wao wenyewe linahamia kwa nani.