Kutayarisha ndoa na picha zake: mashauri kwa wachumba wa makanisa yetu

Katika makanisa yetu ya mashariki, wachumba wengi wanakawia kufunga ndoa kwa sababu ya gharama za siku moja. Miaka inapita, wanaanza kuishi pamoja, mtoto anazaliwa, na siku ya Meza ya Bwana wanakaa nyuma kwa haya. Wengine wanafanya harusi kubwa, kisha wanaingia nyumbani na madeni. Tunatoa hapa mashauri yatakayowasaidia kufika siku hiyo kwa amani, na kubaki na picha nzuri bila kuuza shamba.

Kwa wazazi, kwa serikali, kanisani

Kwetu ndoa inapitia mahali patatu, na kila mahali pana kazi yake.

Kwa wazazi ni mahari. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaomba angalau sehemu ya mahari itolewe mbele ya ndoa kufungwa. Haiombi yote mara moja. Basi wazee wa pande mbili wanaweza kupokea sehemu, wakaandika kinachobaki, na mashahidi wakatia sahihi. Karatasi hiyo inazuia maneno mengi baadaye.

Kwa serikali, kila mmoja awe na miaka 18 kamili na akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Ndoa ya kanisa peke yake haitoshi mbele ya sheria. Kwenye ofisi mtachagua pia utaratibu wa mali: kila mtu na zake, zote kuwa za wawili, au zile tu mtakazopata ndani ya ndoa kuwa za wawili. Msipochagua, sheria inawapa huu wa mwisho. Zungumzeni nyumbani, msiulizwe pale kwa mara ya kwanza.

Wako wanaosema karatasi haina maana kati ya wapendanao. Tunajua wajane ambao ndugu za mume walifika kuchukua nyumba kabla matanga hayajaisha. Sheria inamhesabu mjane kati ya warithi, lakini lazima aonyeshe kwamba alikuwa mke. Fanyeni nakala za cheti, na moja mwachie mzazi au mchungaji anayeishi mji mwingine. Wanaokimbia vita hawapati muda wa kufungua sanduku.

Kanisani, mwoneni mchungaji mapema, kwa sababu mafundisho na matangazo ya ndoa yanaomba majuma mengi. Mbele ya matangazo nendeni hospitali pamoja. Pimeni Ukimwi, na pimeni damu kwa ajili ya ugonjwa wa SS. Mtu mwenye AS anaweza kuwa mzima kabisa bila kujijua. Wote wawili mkiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye SS. Ni afadhali kujua hayo wakati bado mnaweza kuomba, kuuliza daktari na kuamua kwa utulivu.

Kuketi na kuhesabu

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Harusi ni vilevile. Hesabuni feza zilizo mkononi, si michango iliyoahidiwa. Andikeni kwanza vitu visivyoepukika: karatasi za serikali, pete, chakula cha wageni, na kodi ya nyumba ya miezi ya kwanza. Kinachobaki ndicho cha mapambo, muziki na magari. Wekeni kando sehemu ndogo kwa jambo la ghafula, kwa maana halikosekani.

Katika kamati, mtu mmoja ashike feza na mwingine aandike matumizi. Bwana na bibi arusi wasiwe wao.

Idadi ya wageni ndiyo inayoamua gharama kuliko kitu kingine. Punguzeni wageni hamsini, nanyi mmepunguza sahani, soda, viti na ukubwa wa ukumbi. Gauni na suti vinaweza kukodiwa. Kitenge cha sare kinapendeza, lakini kisiwe tiketi ya kuingilia: shangazi asiye na feza ya kitenge bado ni shangazi.

Na kama hakuna kitu kabisa? Ombeni ndoa ibarikiwe ndani ya ibada ya Jumapili, kisha jamaa wanywe chai pamoja. Parokia kadhaa zinabariki pia ndoa za wachumba wengi siku moja. Baraka ni ileile.

Anzeni asubuhi. Mvua inapenda kuja alasiri, na wageni wanaotoka mbali wanapaswa kufika kwao mbele ya giza.

Picha

Mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta: jua linatua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na saa sita mchana linakaa juu ya kichwa na kutia kivuli machoni. Picha za nje zifanywe asubuhi au baada ya saa kumi. Ikiwa lazima mchana, tafuteni kivuli cha mti au baraza.

Nyuso. Kamera ikiona gauni jeupe, inapunguza mwanga wa picha nzima na uso mweusi unapotea. Mwambieni mpiga picha apime mwanga kwenye uso, si kwenye gauni. Atembelee kanisa mapema, saa ileile ya ibada: dirisha likiwa nyuma ya mimbara, mtatoka kama vivuli.

Ibada. Mpiga picha aonane na mchungaji. Asisimame kati ya mchungaji na wanaharusi, na asitumie flashi wakati wa maombi. Jenereta iwekwe mbali, la sivyo video itasikika mngurumo badala ya viapo.

Jamaa. Andikeni orodha ya picha za jamaa, na mchague mtu anayewajua watu wa pande mbili ili awaite. Anzeni na wazee. Wanachoka upesi, na mara nyingi picha ya siku hiyo ndiyo ya mwisho tuliyo nayo ya bibi au babu.

Mapatano. Andikeni saa atakazofanya kazi, idadi ya picha, siku ya kuzileta na bei. Toeni sehemu mbele, na nyingine mtakapopokea. Aweke picha mahali pawili siku ileile, mbele ya kufuta kadi.

Simu. Msipoweza kumlipa mpiga picha, kijana mwenye simu nzuri anatosha. Asafishe kioo cha kamera, asogee karibu badala ya kuvuta picha, na aweke betri ya akiba. Akituma kwa WhatsApp, atume kama dokima, kwa sababu picha inayotumwa kwa njia ya kawaida inapungua ubora.

Usalama. Msipige picha penye askari, kambi, uwanja wa ndege, daraja au mpaka. Msitangaze kwenye mitandao njia na saa ya msafara. Ulizeni wageni kabla ya kuweka sura zao huko, hasa za watoto: wengine wana sababu za kutojulikana wanaishi wapi.

Mwishowe, chapisheni picha ishirini kwenye karatasi na mtume nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu zinaibiwa, nyumba zinaachwa. Jamaa nyingi zetu zimepata tena sura ya mama yao kwa sababu picha moja ilikuwa kwa shangazi ng'ambo ya ziwa.

Kwa ufupi

Miezi sita mbele: wazazi, mchungaji, hospitali, hesabu.
Miezi mitatu: karatasi za serikali, ukumbi, mpiga picha.
Mwezi mmoja: mialiko, nguo, orodha ya picha za jamaa.
Juma la mwisho: malipo yaliyobaki, betri, maombi, na usingizi.

Siku ya pili baada ya harusi, kamati ikutane na kufunga hesabu mbele ya wanaharusi. Waanze nyumba yao wakijua wanadaiwa nini, au kwamba hawadaiwi kitu.