Kwa nini PDF yako inaandika G#k#y#? Historia fupi ya XML, fonti na karatasi

Leo hatuzungumzii simu mpya wala lugha mpya ya programu. Tunazungumzia alama moja ndogo tu: #.

Kama umewahi kutengeneza PDF kutoka kwa XML ukitumia Apache FOP, alama hii unaifahamu. Hifadhidata inasema Gĩkũyũ. Ukifungua faili ya XML, nayo inasema Gĩkũyũ. Lakini karatasi inayotoka kwenye printa inasema G#k#y#. Mũthoni anageuka M#thoni, naye Njũgũna anakuwa Nj#g#na. Nimeona stakabadhi na vyeti vya namna hii mara nyingi, na jibu ambalo wenye majina hupewa huwa ni lile lile: "Ondoa hiyo alama juu ya herufi, andika Muthoni tu."

Mimi jibu hilo silikubali. Gĩkũyũ na Kikamba zina irabu saba. Ĩ si pambo la i, na ũ si pambo la u. Ni irabu nyingine kabisa. Ukimwambia mtu aondoe alama, unamwambia abadilishe tahajia ya jina lake ili liingie kwenye fonti yako. Kazi ya mwanaprogramu ni kinyume chake.

Ili kuitengeneza vizuri, yafaa tujue # ilitoka wapi. Ina historia ndefu kuliko unavyodhani.

Kwanza ilikuwa printa

Mwaka 1982 John Warnock na Charles Geschke waliondoka Xerox wakaanzisha Adobe. Mwaka 1984 wakatoa PostScript, lugha ya kuiambia printa ichore nini na wapi. Mwaka 1985 Apple ikauza printa ya LaserWriter iliyoelewa PostScript. Ndani yake zilikuwa zimehifadhiwa fonti 13: nne za Times, nne za Helvetica, nne za Courier, na Symbol.

Mwaka 1993 Adobe ilileta PDF, na urithi ule ukaja nao. Kila programu ya kusoma PDF ilitakiwa kuwa na fonti 14 za msingi, yaani zile 13 pamoja na ZapfDingbats. Kwa hiyo hukulazimika kuziweka ndani ya faili. Wakati huo uamuzi huu ulikuwa wa busara. Diski zilikuwa ndogo, modemu zilikuwa za pole pole, na faili nyepesi ilikuwa baraka.

Tatizo ni herufi zilizotumiwa na fonti hizo. Zilipangwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Ndiyo maana ñ ipo kwa ajili ya Kihispania, ã na õ zipo kwa ajili ya Kireno, lakini ĩ na ũ hazipo. Kiwimbi kile kile kilikaa juu ya n, a na o, na hakikukaa juu ya i na u. Hakuna aliyetuonea kwa makusudi. Hatukuwa tu kwenye orodha ya wateja. Kiswahili chenyewe kiliponea hapo kwa bahati, kwa kuwa hakihitaji zaidi ya herufi za kawaida na kile kituo cha ng'.

Halafu ikaja XML

Upande wa pili wa habari ulianzia IBM mwaka 1969, ambako Charles Goldfarb na wenzake walibuni GML. Wazo lao lilikuwa kwamba maandishi yaseme ni kitu gani (kichwa, aya, bei), na sura yake iamuliwe mahali pengine. GML ikazaa SGML, iliyokuwa kiwango cha ISO mwaka 1986, na SGML ikazaa XML 1.0 tarehe 10 Februari 1998.

XML ilizaliwa baada ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991. Sheria yake ni kwamba programu yoyote ya kusoma XML lazima ielewe Unicode. Humo ĩ ina namba yake, U+0129, na ũ ina yake, U+0169. Kwa mara ya kwanza jina la Mũthoni lingeweza kusafiri kutoka mashine hadi mashine bila kujeruhiwa.

Lakini XML haina sura. Ili ifike kwenye karatasi, W3C ilitengeneza XSL, ambayo baadaye iligawanywa. XSLT ya kubadilisha muundo ilikamilika tarehe 16 Novemba 1999 chini ya uhariri wa James Clark. Ile ya kupanga kurasa, tunayoiita XSL-FO, ilikamilika tarehe 15 Oktoba 2001. James Tauber aliandika programu ya Java iitwayo FOP ya kugeuza XSL-FO kuwa PDF, na mwaka 1999 ikakabidhiwa Apache.

Sasa unaona mambo yanapogongana. Data inatoka kwenye ulimwengu wa Unicode wenye herufi zote. Karatasi inatoka kwenye ulimwengu wa printa ya 1985. FOP inasimama katikati, na ikikosa umbo la herufi inachora #. Alama hiyo ni ujumbe kwamba herufi imefika salama, ila fonti haina umbo lake.

Tiba ya fonti

Haya, tuingie jikoni. Kwanza soma maonyo ambayo FOP huandika inapofanya kazi. Ikisema "Glyph not available in font Helvetica", jua kwamba bado unatumia fonti za msingi. Chagua fonti yenye herufi zako, kwa mfano DejaVu au Gentium, kisha iandikishe kwenye faili ya usanidi na uitaje katika font-family. FOP itaiweka ndani ya PDF yenyewe.

Zamani kazi hii ilikuwa adhabu. Katika toleo la 0.20.5 la mwaka 2003, ilibidi kwanza utumie programu ndogo iitwayo TTFReader kutengeneza faili ya XML ya vipimo vya kila fonti. Siku hizi unaonyesha tu mahali ilipo faili ya TTF.

Mitego miwili imebaki. Mmoja ni herufi nzito. FOP hainenepeshi fonti yenyewe, kwa hiyo lazima uandikishe faili ya herufi nzito kivyake, la sivyo utaona onyo la "Substituting" na vichwa vyako vitatoka kwa herufi za kawaida, si nzito. Mwingine ni kwamba ĩ inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama herufi moja U+0129, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi U+0303. Machoni ni sawa, kwa mashine ni tofauti. Sawazisha data yako kwa utaratibu wa Unicode uitwao NFC kabla ya kuipeleka kwa FOP.

Na wenye hati za Kiarabu walisubiri zaidi. Mpaka FOP 1.1 ya mwaka 2012, herufi za Kiarabu zilitoka zimeachana, kila moja peke yake. Fikiria mtu aliyetaka kuchapa kwa njia hii maandishi ya kale ya Kiswahili ya Lamu au Pate, ambayo yaliandikwa kwa herufi hizo hizo.

Tiba ya picha

Kwa nini nembo ndogo inatoka kubwa kama bango? Tena ni PostScript. Ilipima ukurasa kwa sehemu za 1/72 ya inchi, na FOP ikikutana na picha isiyosema kipimo chake hukisia pikseli 72 kwa inchi. Nembo ya pikseli 1200 inakuwa na upana wa inchi 16 na zaidi, ilhali karatasi ya A4 ina inchi 8.27. Usitegemee makisio. Andika content-width="4cm", au tumia scale-to-fit pamoja na upana unaoutaka.

Picha isipoonekana kabisa, mara nyingi kosa ni la anwani. Njia fupi kama picha/nembo.png husomwa kuanzia mahali ambapo FOP imeambiwa ndio msingi. Kwenye mashine yako msingi ni folda unayofanyia kazi. Kwenye seva ni pengine kabisa. Taja msingi waziwazi katika usanidi.

Na kama unatengeneza PDF/A-1 kwa ajili ya kuhifadhi kumbukumbu, kiwango cha mwaka 2005, kumbuka mambo mawili: lazima kila fonti iwe ndani ya faili, na picha zenye uwazi haziruhusiwi. Ipe nembo yako mandhari nyeupe kabla ya kuitumia.

Tiba ya mpangilio

Kivinjari husoma jedwali lote kisha huamua upana wa safu. FOP haikufanya hivyo. Kwa miaka mingi ilionya kwamba table-layout="auto" haiungwi mkono. Andika table-layout="fixed", weka width="100%", na upe kila safu upana wake.

Kuna pia keep-together="always", inayokatiza watu tamaa. Unataka aya isikatwe kati ya kurasa mbili, lakini badala yake maneno yanatoka nje ya ukingo wa karatasi. Sababu ni kwamba agizo hilo lina sehemu tatu: ndani ya mstari, ndani ya safu na ndani ya ukurasa. Ukilitoa zima, umesema pia mstari usikatwe. Andika keep-together.within-page="always" na shida itaisha.

Usione ajabu pia kama hati ya mwaka 2003 ilipangika tofauti katika FOP mpya. Toleo la 0.90 la mwaka 2005 lilikuja na injini iliyoandikwa upya, ikifuata mbinu ya kukata mistari ambayo Donald Knuth na Michael Plass waliichapisha mwaka 1981. Hiyo huipima aya nzima kabla ya kuamua mstari ukatwe wapi.

Tumefika wapi?

W3C ilitoa rasimu ya XSL-FO 2.0 mwaka 2012, kisha kazi ikaachwa. Wengi wamehamia CSS ya kurasa. Lakini usidhani kuhama kunafuta historia. Weka kivinjari kwenye seva isiyo na fonti, umwambie achape PDF, na badala ya # utapata vijisanduku vitupu. Ugonjwa ni ule ule, dalili tu zimebadilika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye data yako ya majaribio, pamoja na yule "John Smith" wa kila siku, weka Mũthoni, weka Njũgũna, weka na Mũtua. Chapa. Tazama kwa macho yako kabla mfumo haujafika kwa watu. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na mtu atakayepokea cheti chake atakisoma akiwa ameandikwa yeye.

Ukikwama, anza na lile onyo la kwanza kabisa. Tuonane tena siku nyingine.