Besi Yako Haijafa, Imechoka Tu: Mwongozo wa Gitaa ya Besi kwa Wasee wa Nax

Kama uko na besi imeegemea ukuta kejani, nyuzi zimeshika kutu, na saa hii uko kwa simu ukiangalia loan ya kununua ingine, tulia kwanza. Soma hii hadi mwisho, halafu uamue.

Mimi nilikuwa hapo. Besi yangu niliichukua mtumba, ya nyuzi nne, jina la kampuni lilikuwa limefutika kitambo. Mwaka wa kwanza ilinibamba vibaya. Wa pili ikaanza kukwaruza kama mabati kwa upepo, na noti za juu zikakataa kukubaliana na kinanda. Nikasema hii imeenda. Loan ilikuwa imebaki kubonyeza tu, na kazi ya kuandika wakati huo ilikuwa inalipa leo, kesho hailipi. Mzee mmoja wa mtaa, aliyewahi kupiga na bendi siku zake, akaniambia, "Kijana, leta hiyo gitaa niione kabla ujiingize kwa deni." Akaishika, akaangalia shingo kwa jicho moja vile fundi huangalia mbao, akacheka. Chini ya saa moja ilikuwa inaimba. Nililipia nyuzi tu.

Hayo aliyonionyesha, pamoja na yale nimejifunza baadaye, ndiyo haya.

Besi ni nini hasa?

Gitaa ya besi ya kawaida iko na nyuzi nne: E, A, D na G, kuanzia ile nene. Uzi wa E ukipigwa wazi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni chini sana, na ndiyo maana ngoma ikitoka kwa spika ya simu hauskii besi vizuri, lakini ukiingia kwa mathree iko na sub unaiskia kwa kifua. Besi za nyuzi tano huongeza B, ambayo ni karibu 31 kwa sekunde. Watu wa gospel wanaipenda sana.

Kazi yake ni kuunganisha ngoma na muziki. Drama anashikilia mdundo, magitaa na kinanda yanashikilia sauti, na besi inasimama katikati ikiambia kila mtu tuko wapi. Ni kama miguu ya bondia wa Madison Square Garden yetu ya hapa Nakuru: watu wanaangalia ngumi, lakini miguu ikikosea, jamaa analala.

Besi ya umeme ya kwanza kushika soko ilikuwa Fender Precision, iliyotoka Marekani mwaka wa 1951. Kabla yake, wengi walikuwa wanabeba lile besi kubwa la kusimama, ambalo halina freti. Precision ilikuwa na freti, kwa hivyo noti inatoka pale pale inafaa. Jina lilitoka hapo. Mwaka wa 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye shingo nyembamba na pikapu mbili. Besi nyingi za bei ya chini unazoziona Kenya zimeiga moja ya hizo mbili.

Wazito wa huku kwetu

Kabla hujasema besi ni ya watu wa nyuma ya stage, skiza "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Watu wengi wanaijua hiyo ngoma kwa besi kabla hata mwimbaji afungue mdomo. Bendi hiyo iliundwa Nairobi mwaka wa 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. John Ngereza alikuwa mwimbaji, Omari Shabani akashika gitaa la rithimu, na kwa besi alikuwa Tom Malanga. Skiza vile anaacha nafasi. Hapigi noti nyingi, lakini ukiitoa hiyo besi hakuna ngoma inabaki.

Kisha enda kwa benga. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki mwaka wa 2006, aliongoza Shirati Jazz kwa miaka mingi. Kwa benga besi haikai nyuma kama mlinzi. Inakimbizana na solo, na ngoma ikifika kwa kilele hizo mbili ndizo zinainua watu kwa viti. Joseph Kamaru aliimba kwa Kikuyu, Kipchamba arap Tapotuk kwa Kipsigis, na Rift Valley hii yetu ilicheza zote. Ukipiga harusi moja Njoro na ingine Molo, utaitishwa zote mbili, kwa hivyo jifunze mistari ya wote.

Ukitaka wa mbali, cheki James Jamerson wa Motown kule Detroit. Alipiga ngoma kibao zilizoshika namba moja akitumia Precision ya 1962, kwa kidole kimoja cha kulia, na alijulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi. Hiyo tu ikuambie sauti inaanzia wapi.

Nyuzi: hapa ndipo pesa yako inafaa kuenda kwanza

Kuna aina mbili kubwa:

- Nyuzi za mikwaruzo. Ukipitisha ukucha unaskia krrr. Sauti yake inang'aa na inakata. Ni nzuri kwa gospel, afrobeat na kuslap. Zinachoka haraka kwa sababu jasho na uchafu huingia kwa mianya.
- Nyuzi laini, za flati. Ukipitisha kidole ni kama kioo. Sauti ni nzito, ya mviringo, ya zilizopendwa. Zinadumu miaka, lakini bei iko juu.

Kama hujui saizi ya kuitisha, seti ya kawaida ni 45 hadi 105. Zikishakazwa, nyuzi nne pamoja zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70 au zaidi. Ndiyo maana ukiruka kutoka nyuzi nyembamba hadi nene bila kuseti upya, shingo inapinda.

Doh ikikosa, kuna ujanja wa zamani: chemsha nyuzi. Zitoe, zikunje polepole bila kuzivunja, zichemshe kwa maji dakika kumi, zikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha zirudishe. Ule mng'ao unarudi kwa siku chache. Wengine wanaziloweka kwa spiriti usiku mzima, na hiyo pia inasaidia. Lakini spiriti inashika moto haraka, usiwahi kuipasha wala kuiweka karibu na jiko. Na ujue kila ukitoa na kurudisha nyuzi unapunguza maisha yake.

Ile ya bure ni hii: nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza pangusa nyuzi na kitambaa kikavu. Watu husema jina Nakuru lilitoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Ukiacha gitaa wazi Bondeni mwezi wa pili, utaamini.

Kuseti: robo zamu inayookoa maelfu

Mbao zinabadilika na hali ya hewa. Keja ya mabati mchana ni tanuru, usiku ni friji, na shingo ya besi inaskia yote. Fuata hii mpangilio, usiruke:

1. Tuni kwanza. Tumia programu ya kutuni kwa simu. Kila kipimo kinachofuata kinafanywa gitaa ikiwa kwa tuni.
2. Angalia shingo. Bonyeza uzi wa E kwa freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja. Angalia katikati, karibu na freti ya 7 au 8. Kunafaa kuwa na mwanya mdogo, kama unene wa kadi ya jina. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Usipokuwepo kabisa, imenyooka sana ama imepinda nyuma, na nyuzi zitakwaruza.
3. Rekebisha chuma cha ndani. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopigana na nguvu ya nyuzi. Kukaza kunaivuta shingo nyuma, kulegeza kunaiachilia mbele. Zungusha robo zamu tu, tuni tena, subiri, kisha pima. Ikikataa kuzunguka, achana nayo, tafuta fundi. Ukiivunja hiyo fimbo, sasa ndiyo utahitaji besi ingine.
4. Urefu wa nyuzi. Kwa freti ya 12, milimita 2 hadi 2.5 chini ya uzi wa E ni mahali poa pa kuanzia. Chini sana inakwaruza, juu sana inaua vidole.
5. Noti za juu. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, uangalie tuna. Sasa bonyeza freti hiyo hiyo, upige tena. Zinafaa kulingana. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.

Ile namba 5 ndiyo ilikuwa inanigombanisha na kinanda. Mwaka mzima nilidhani ni maskio yangu.

Kubadilisha vitu: gani inasaidia, gani ni showoff

*Sponji.* Kata kipande cha sponji ya godoro, kiweke chini ya nyuzi karibu na pale zinaposhikwa chini. Noti zinakuwa fupi na nene, na ghafla besi yako ya mtumba inaskika kama rekodi ya miaka ya sabini. Gharama: sufuri.

*Nobu zinazokwaruza.* Ukizungusha volume na inatoa krrr kwa spika, mara nyingi ni vumbi. Kidude cha ndani kinasafishwa kwa spirei ya vifaa vya umeme. Jeki ikilegea, ni solda kidogo tu. Fundi wa redio wa mtaa anaweza.

*Pikapu.* Si ile ya kubeba kabeji Wakulima. Ni sumaku zilizozungushiwa waya zinazoskia uzi ukitetemeka. Kubadilisha kunasaidia, lakini jaribu kwanza kuiinua ama kuishusha kwa skurubu. Ikikaribia nyuzi sauti inakuwa kali, ikienda chini inatulia.

*Besi ya betri.* Kama yako inatumia betri ya volti 9, chomoa waya ukimaliza. Kwa nyingi, waya ukiwa ndani betri inaendelea kuisha hata kama hupigi. Besi nyingi "zimekufa" hivyo.

*Kutoa freti.* Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya 1962 bila freti na akabadilisha historia. Wewe na pilaizi kejani hutabadilisha historia, utaharibu shingo. Acha.

Siku ya show

Hapa hakuna jokes. Stima yetu ni volti 240. Kama waya wa ethi wa mahali ni mbaya, ama jenereta imeungwa ovyo, unaweza kushika nyuzi, ukaguse maiki kwa mdomo, na ukapigwa shoti mbaya. Imeua wanamuziki duniani. Kabla hujaimba, uliza mtu wa saundi kuhusu ethi. Ukiskia kamtetemo kwa vidole ukigusa kitu cha chuma, chomoa utoke. Show haijawahi kufaa kuliko maisha.

Pia usichomeke besi kwa amplifaya ndogo ya gitaa ukaifungua yote. Ile spika haikutengenezewa mawimbi ya chini, itapasuka, na utailipa.

Kitu kimoja bado nakikumbuka. Usiku mmoja, kwa sherehe fulani hapa mtaani, waya wangu ulikatika katikati ya ngoma. Solo iliendelea, drama akaendelea, mwimbaji hakujua. Lakini watu walianza kupunguza kucheza mmoja mmoja, wakiangaliana, bila kujua ni nini imetoka. Nilipopata waya mwingine na kurudi, dansi ilijaa tena. Hakuna aliyekuja kunipongeza. Hakuna aliyejua ni mimi. Lakini mimi nilijua.

Nakuambia hiyo kwa sababu siku hizi bajeti ikipungua, mpiga besi ndiye wa kwanza kuachwa nyumbani. Kuna gitaa moja na kinanda, mkono wa kushoto unafanya kazi yako. Hutashinda hiyo vita kwa kununua gitaa ya bei. Utashinda kwa kufika na gitaa iko kwa tuni, nyuzi ziko hai, na mistari unaijua.

Msiwe wachoyo

Mkiwa wasee wanne mnapiga besi mtaa mmoja, hamhitaji vitu vinne vya kila aina. Tuna moja, funguo za kuseti moja, waya wa akiba mmoja, solda moja. Nunueni kwa mchango. Besi moja nzuri inaweza kuzunguka kanisani Jumapili asubuhi na harusini Jumamosi, mradi kuwe na sheria: anayeichukua anairudisha imepanguswa, na anayekata uzi anaununua. Mtu akibadilisha nyuzi, zile za zamani asitupe. Kuna dogo wa Kivumbini ama Flamingo anaanza, hajui tofauti, na zitamtosha.

Kwa hivyo kabla ubonyeze hiyo loan: pangusa, chemsha ama badilisha nyuzi, seti shingo, weka betri mpya, safisha nobu. Kama bado inakataa baada ya yote hayo, sasa sawa, tafuta ingine, na ukienda kuinunua angalia shingo kwa jicho moja kama fundi wa mbao.

Yangu bado haina jina kichwani. Ijumaa iko na gigi.